Gunia la Akiba Halituokoi

Kila masika yanapokaribia, ushauri ni ule ule. Utausikia kwa mama mkwe, kwa jirani, kwa muuza duka, hata kwa kungwi anayemfunda bibi harusi namna ya kuendesha nyumba: "Gesi unayo, sawa, lakini gunia la mkaa lisikose stoo. Siku gesi itakapokukatikia usiku, utanikumbuka."

Nimeusikia tangu nilipopanga chumba changu cha kwanza Mbagala, na kwa miaka mingi niliufuata kama amri. Leo naupinga. Naamini gunia lile tunaloliita akiba ndilo linalotuzuia kujiandaa, na siku likiitwa kazini huleta shida ya pili, kubwa kuliko ile ya kwanza.

Niuseme ushauri huo kama wanavyousema wenyewe, bila kuupunguza. Wanasema gesi huisha bila taarifa na umeme hukatika bila kuaga. Wanasema mkaa hauozi, haulipuki, hauhitaji soketi wala regyuleta. Ukiununua leo utaukuta mwakani. Hauna moshi kama kuni. Unapatikana kila kona, kwa gunia, kwa kopo, hata kwa fungu. Na bibi zetu waliupikia miaka yote, wakatulea, tukakua. Hoja hizi zinasemwa na watu wenye akili zao, ambao wamewahi kulala na watoto wenye njaa. Ndiyo maana zinastahili kujibiwa moja moja.

Nieleze pia ninaongea na nani. Siongei na mama anayenunua kopo la mkaa kila jioni kwa sababu hela ya mtungi hajaipata. Huyo hana akiba ya kujadiliwa. Ana ugali wa leo wa kusonga. Ninaongea na sisi tulio na mtungi jikoni na gunia stoo, tunaoamini kwamba la pili linaulinda wa kwanza.

1. "Gesi huisha bila taarifa"

Dharura ni mafuriko yaliyoikumba Rufiji Aprili 2024. Dharura ni matope yaliyoshuka kutoka Mlima Hanang na kuifunika Katesh Desemba 2023. Mtungi wa gesi kuisha si dharura. Ni jambo ambalo lazima litokee, na linatokea kwa mpangilio unaokaribia kufanana kila mara. Nyumba inayopika kwa mtungi wa kilo 6 inajua, ikitaka kujua, kwamba unakaa wiki ngapi. Inatosha kuandika kwenye kalenda tarehe uliyoufunga.

Na mtungi wenyewe hutoa taarifa. Uzito wake ukiwa mtupu umegongwa kwenye chuma chake. Ukiuweka juu ya mizani ya muuza mchele, unatoa na unajua kilichobaki. Asiye na mizani amwagie maji ya moto ubavuni, kisha apapase kwa kiganja kutoka juu kwenda chini. Pale chuma kinapogeuka kutoka vuguvugu kuwa baridi, ndipo gesi ya maji ilipofikia. Ni kazi ya dakika moja. Hatuifanyi kwa sababu tunajua gunia lipo. Gunia limetufundisha kutoangalia.

Sasa tuje kwenye dharura yenyewe. Hapa Dar es Salaam, dharura inayotupata kwa kawaida ni mvua. Bonde la Msimbazi likijaa, Jangwani haipitiki, maji yanaingia vyumbani, na kitu cha kwanza kulowa ni kile kilichowekwa sakafuni: gunia. Wakati huo huo barabara za vijijini unakotoka mkaa zinakatika, malori yanakwama, bei inapanda. Akiba inayolowa ikinyesha, na inayopanda bei ikinyesha, imeandaliwa kwa ajili ya kiangazi, na kiangazi hatukuwa na shida nacho.

2. "Mkaa hauozi"

Kweli hauozi. Lakini unanyonya maji. Kipande cha mkaa kimejaa vitundu visivyoonekana kwa macho, na kila kitundu kinavuta unyevu wa hewani na wa sakafuni. Katika mji wa pwani kama huu, gunia lililokaa miezi minne kwenye stoo isiyo na dirisha halikupi tena ule mkaa ulionunua.

Niliyajua haya usiku mmoja wa Aprili. Gesi ilikata maharage yakiwa hayajaiva, mvua inanyesha kwelikweli. Nikaenda stoo na tochi ya simu. Gunia lilikuwepo, limesimama vizuri, limenenepa. Nilipoingiza mkono nikakuta vipande vizuri vya juu vimekwisha kutumika kidogo kidogo, siku ya makande, siku ya wageni, bila mimi kufuatilia. Kilichobaki chini kilikuwa chenga na vumbi, na kitako cha gunia kilikuwa cheusi kwa maji yaliyopanda kutoka kwenye saruji. Tulimimina chenga zile kwenye jiko, tukawasha kwa mfuko wa nailoni na mafuta ya taa. Ziliruka cheche, zikafuka, zikazima. Tukaanza tena. Tukapepea kwa mfuniko wa ndoo. Robo tatu ya saa ikapita kabla ya jiko kushika, na wakati huo watoto walikuwa wamelala na njaa.

Hatari nyingine ya gunia hilo haisemwi. Mkaa mpya uliotoka tanurini, hasa ukiwa na vumbi jingi na umerundikwa pamoja, unaweza kujipasha joto wenyewe mpaka ukashika moto. Hii siyo hadithi ya kutishana. Katika orodha ya bidhaa hatari ya Umoja wa Mataifa, inayotumiwa na wasafirishaji duniani kote, mkaa umewekwa kwenye kundi la vitu vinavyoweza kujiwasha vyenyewe. Sisi tunaulaza chini ya ngazi, pembeni yake dumu la mafuta ya taa ya kuuwashia, juu yake magodoro ya wageni. Na baada ya kupika kuna majivu, yanayoweza kuficha kaa la moto kwa saa nyingi huku juu yakionekana yamepoa. Majivu hayo tunayamwaga kwenye pipa la taka lenye makaratasi.

3. "Hauna moshi, kwa hiyo hauna madhara"

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wasimame, kwa sababu hoja hii inaua.

Usiku ule wa Aprili jiko tuliliwasha kibarazani. Mvua ya upepo ikawa inaingia, tukalivuta koridoni. Lilikuwa limeshakolea, jekundu, safi, halitoi moshi hata kidogo, nasi tulilifurahia. Tukafunga mlango wa nje ili baridi isiingie. Baada ya muda binti anayenisaidia kazi, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akigeuza maharage, akasema kichwa kinamgonga. Mimi nilidhani ni uchovu. Akasema anataka kutapika. Nikafikiri labda malaria inaanza. Aliposimama miguu haikumbeba, akajishika ukutani. Jirani aliyekuja kuomba kibiriti ndiye aliyefungua mlango, akapiga kelele, akatutoa nje kwenye mvua. Mimi mwenyewe nilipofika nje ndipo nilipotambua kwamba kichwa changu kilikuwa kinauma muda mrefu.

Kilichotokea kinaeleweka. Mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho, haikohozi. Ikiingia mapafuni hujishikiza kwenye chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara zaidi ya 200. Damu inaendelea kuzunguka, lakini haibebi tena kile mwili unachokihitaji. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, anachefuka, analegea, anachanganyikiwa, analala. Aliyekwisha kulala hana dalili ya kumwamsha.

Basi ule moshi tunaoukimbia ulikuwa angalau unatutoa machozi na kutufukuza. Jiko jekundu lisilo na moshi, tunalolisifu kuwa limeiva, halina moto safi hata kidogo. Lina sumu isiyotoa taarifa. Ndilo jiko ambalo mtu hulisogeza karibu na kitanda usiku wa baridi kule Njombe au Lushoto, na ndilo linalowekwa chumbani kwa mzazi na kichanga wapate joto.

Waliojibiwa hivi husema: lakini gesi inalipuka. Ndiyo, inaweza. Gesi ya kupikia ni ya kuheshimiwa: mtungi usimame wima, mpira ukaguliwe, dirisha liwe wazi. Lakini tazameni tofauti. Gesi ya kupikia kwa asili haina harufu kali, na kiwandani hutiwa harufu ile mbaya makusudi ili ikivuja mtu ajue na akimbie. Kwa mkaa hakuna aliyetuwekea harufu. Tumeiogopa hatari inayotuita kwa jina, tukalala chumba kimoja na ile inayonyamaza.

Wala msidhani haya huwapata wasiosoma pekee. Februari 2021, baridi kali ilipokata umeme katika jimbo la Texas, Marekani, watu waliingiza majiko ya kuchomea nyama ndani ya nyumba ili wapate joto. Wapo waliofikishwa hospitali na wapo waliokufa kwa gesi hii hii, katika nchi tajiri yenye maonyo yaliyochapishwa kwenye kila mfuko wa mkaa. Dharura humpunguzia mtu umakini. Ndiyo sababu kifaa cha dharura kinatakiwa kumsamehe aliyechanganyikiwa, na mkaa hausamehi.

Wapo wanaokimbilia kumpa maziwa mtu aliyevuta gesi hii. Maziwa hayasaidii. Sumu imeingia kwa pumzi, haikuingia kwa mdomo. Mtoe mtu nje kwenye hewa, mara moja, kisha hospitali akapewe oksijeni. Na usimwache alale eti apumzike.

4. "Bibi zetu waliupikia"

Waliupikia, lakini tuulize walipikia wapi. Bibi yangu alipikia uani, chini ya mwembe, au kwenye banda la jiko lililosimama mbali na nyumba, paa la makuti, kuta za fito zenye nafasi ya kupitisha mkono. Hewa iliingia kutoka pande zote. Jiko lake halikuwahi kuvuka kizingiti cha chumba cha kulala ila lilipokuwa chetezo chenye vijikaa viwili vya kuchomea udi.

Sisi tumehamia kwenye vyumba vya tofali, madirisha ya alumini, milango inayobana, vigae, na koridoni tunakochangia wapangaji sita. Wengine wanaishi ghorofa ya nne, na jiko la mkaa linawekwa kwenye kibaraza kidogo kilichozibwa kwa vioo. Tumebadilisha nyumba, tukabaki na jiko. Anayemtaja bibi kama ushahidi amwambie pia atujengee ua wake.

Na hata huko uani hawakutoka salama wote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kuni, mkaa, mafuta ya taa na mfano wake, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020. Bibi aliyekohoa miaka yote tulisema ni uzee.

5. "Ni nafuu"

Tupige hesabu kwa joto linalofika kwenye sufuria, maana hicho ndicho tunachonunua. Kilo moja ya gesi ina joto jingi kuliko kilo ya mkaa, na jiko la gesi hufikisha zaidi ya nusu ya joto hilo kwenye sufuria. Jiko zuri la mkaa, lenye udongo ndani, hufikisha kama robo. Lile la bati tupu hufikisha pungufu zaidi. Ukijumlisha, kilo moja ya gesi hufanya kazi ya kilo tatu na ushei za mkaa. Mtungi wa kilo 6 ni sawa na kilo 20 za mkaa mkavu, mzito, kwenye jiko zuri. Chukua bei ya mtaani kwako, zidisha mwenyewe. Kisha toa chenga, toa zilizolowa, na kumbuka kwamba gunia linauzwa kwa kujaa, haliuzwi kwa mizani. Lile lishungi la juu lililofungwa kwa kamba huficha mkaa mwepesi wa mwembe au mkorosho unaokwisha kabla maji hayajachemka.

Na hesabu hiyo ni ya kupika kwa muda mrefu. Kwa dharura ni mbaya zaidi, kwa sababu jiko la mkaa halifunguliwi na kufungwa. Siku ya shida unataka uji wa mtoto, chai, maji ya kumkanda mgonjwa. Ni moto wa dakika 10. Kwa mkaa utalijaza jiko, utangoja nusu saa likolee, utachemsha uji wako, halafu makaa yataendelea kuungua saa nzima chini ya hewa tupu. Mkaa ni nishati ya subira: unafaa makande, kongoro, maharage ya asubuhi mpaka adhuhuri. Dharura haina subira. Tumechagua kwa ajili ya haraka kitu pekee jikoni kisichojua haraka.

6. "Ni wa dharura tu"

Hili ndilo neno linalonikera kuliko yote, kwa sababu nililisema mimi mwenyewe.

Gunia langu la dharura lilitumika kila Jumapili. Maharage "yanakula gesi", basi yapikwe kwa mkaa. Wageni ni wengi, basi mkaa. Kuku wa kienyeji, mkaa. Ndiyo maana usiku ule wa Aprili nilikuta chenga. Akiba inayoguswa kila wiki imekwisha kuwa jiko la pili, na nyumba yenye majiko mawili ya namna hiyo haijahama popote. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mtu akipita kuhesabu, nyumba yangu ya wakati ule angeiandika kuwa imevuka. Mtungi ulikuwepo mezani. Gunia lilikuwa nyuma ya mlango.

Gharama yake inalipwa mbali na macho yetu. Kwenye tanuri la udongo la kawaida, kilo moja ya mkaa hula kilo 6 hadi 10 za kuni. Gunia la kilo 30 nililoliacha lilowe stoo lilikuwa miti ya kilo 180 kwenda juu, pengine kutoka Handeni au Kilosa. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilikadiria kuwa wakati huo nchi hii ilitumia tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na karibu nusu iliishia Dar es Salaam. Msitu unakatwa pia kwa ajili ya mashamba, tena sana, na sitamtwika mchoma mkaa dhambi zote. Lakini mkulima aliyekata mti amepata shamba. Mimi niliyeuweka mti huo stoo hadi ukawa vumbi, nimepata nini?

Na kuna gharama iliyo karibu zaidi, ndani ya nyumba. Tuseme ukweli: katika mpango wetu wa dharura, anayetoka kwenye mvua kuwasha jiko si mwenye nyumba. Ni binti wa kazi. Ni mtoto mkubwa wa kike aliyekatishwa daftari lake. Tukisema "gesi ikiisha tuna mkaa", tunachosema hasa ni kwamba gesi ikiisha tuna mtu wa kuvuta hewa ile kwa niaba yetu. Yule binti aliyejishika ukutani koridoni kwangu alikuwa na miaka 19. Mama yake alinikabidhi mimi.

Basi tuweke nini?

Tuweke mtungi wa pili, mdogo, umejaa, na umekaguliwa kwamba kichwa chake kinaingiliana na regyuleta tuliyo nayo. Ukianza kuutumia huo wa pili, ule wa kwanza unapelekwa kujazwa wiki hiyo hiyo. Hela yake iwekwe kama inavyowekwa ya luku. Hela ya gunia moja ilikwisha kutosha kuanzia. Kwa maharage na makande, jiko la umeme la presha huivisha nusu kilo kwa umeme usiofika uniti moja, na yaliyoiva hugawanywa yakagandishwa. Umeme ukikatika gesi ipo. Gesi ikiisha umeme upo. Vyote viwili kukosekana usiku mmoja ni nadra, na kwa usiku huo kuna mkate, ndizi, karanga, maziwa ya pakiti, na maji yaliyochemshwa mapema ndani ya chupa ya chai. Mtu hafi kwa kulala bila kitu cha moto.

Na yule ambaye leo bado hana ila mkaa, namwomba mambo matatu: jiko lisivuke mlango, hata likiwa jekundu, hata mvua ikinyesha; mkaa uinuliwe kutoka sakafuni juu ya mbao, mbali na mafuta; na majivu yamwagiwe maji kabla ya kutupwa. Banda la bati la kupikia uani lina thamani kuliko gunia.

Stoo kwangu bado kuna duara jeusi sakafuni lilipokuwa gunia. Nimelisugua, halitoki. Juu yake sasa kuna mtungi wa kilo 6 wenye kipande cha karatasi kilichoandikwa tarehe. Masika yaliyopita gesi ilikata usiku tena. Binti aliamka, akabadilisha mtungi, uji ukachemka, akarudi kulala. Hakuna aliyesimulia asubuhi, maana hapakuwa na la kusimulia.

Kwa hiyo nawaomba akina mama wenzangu mnaofunda, na mama wakwe mnaowapenda wake wa wana wenu: ule ushauri ubadilisheni mwisho wake. Mwambieni bibi harusi, "Gesi unayo, sawa. Mtungi wa pili uko wapi?"